Urusi Haikufukuzwa Venice

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mchoraji, nipo Mwanza. Tumebishana sana na wenzangu kijiweni kuhusu Biennale ya Venice, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya kila baada ya miaka miwili kule Italia. Mwaka 2022 Urusi ilifukuzwa kwa kuivamia Ukraine. Mwaka 2024 watu wakataka Israeli nayo ifukuzwe kwa sababu ya Gaza, ikashindikana. Nani huamua nchi ipi iingie na ipi itoke? Je, ni haki msanii kubebeshwa makosa ya serikali yake? Mwenzangu mmoja anasema sisi Afrika Mashariki tumefungiwa tangu zamani, ila hakuna anayetangaza. Ana hoja?"

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Huyo mwenzako ana hoja, na nitamrudia, maana swali lake ndilo zito kuliko yote. Ila kabla hamjaendelea kubishana, kuna jambo moja ambalo karibu kila mtu hulisema vibaya. Mwaka 2022 Urusi haikufukuzwa. Wasanii wake walijitoa wenyewe, tena kabla Waitaliano hawajafungua mdomo.

Ilikuwa hivi. Majeshi ya Urusi yaliingia Ukraine tarehe 24 Februari. Siku tatu baadaye wasanii wawili waliopangiwa banda la Urusi, Kirill Savchenkov na Alexandra Sukhareva, walitangaza kwamba hawaendi. Mratibu wao, yaani mpangaji wa maonyesho, Raimundas Malašauskas, Mlithuania aliyezaliwa nchi yake ikiwa bado ndani ya Umoja wa Kisovieti, akajiondoa pamoja nao. Banda likabaki tupu. Mapema Machi ndipo uongozi wa Biennale ulipotoa tamko kwamba hautapokea ujumbe rasmi, taasisi wala mtu yeyote mwenye uhusiano na serikali ya Urusi, ila Warusi wanaoipinga serikali hiyo wanakaribishwa. Waitaliano walikuja kutia kufuli mlango ambao wenye nyumba walikuwa wameshaufunga.

Sisemi haya kwa ajili ya kubishia tarehe. Kujitoa na kutolewa ni mambo mawili tofauti, kwa sababu anayelipa gharama si yule yule. Msanii wa Kirusi aliyejitoa Februari ile alikuwa anajiweka pabaya nyumbani kwake, na ile ilikuwa nafasi ambayo wengi huisubiri maisha yao yote wasiipate. Serikali inayotolewa hupoteza sura tu, na sura serikali ina njia nyingi za kuirudisha. Miaka miwili baadaye, 2024, Urusi haikuonyesha kazi zake Venice, lakini banda lake halikukaa kimya. Liliazimwa Bolivia. Miezi michache kabla ya hapo, Desemba 2023, Bolivia ilikuwa imetia saini na kampuni iliyo chini ya shirika la nyuklia la Urusi mkataba wa lithiamu wa dola milioni 450. Siwezi kukuonyesha karatasi inayounganisha mambo hayo mawili, ila sikushangaa watu walipoyataja kwa pumzi moja.

Sasa nani huamua? Hapo inabidi uijue bustani yenyewe. Biennale ilianza mwaka 1895. Kuanzia 1907, Ubelgiji ilipojenga la kwanza, nchi zilianza kusimamisha mabanda yao ya kudumu katika bustani inayoitwa Giardini, na leo yapo takriban 30. Ukitaka kuupata mpangilio wake, fikiria viwanja vya maonyesho vya Saba Saba pale Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, halafu chukulia kwamba waliojenga mabanda ya matofali enzi za mababu ndio pekee wasioomba nafasi, na wengine wote kila msimu wanatafuta chumba cha kupanga nje ya uzio. Nchi yenye banda Giardini hutoa taarifa tu kwamba inashiriki. Katika Afrika nzima yenye banda mle ni Misri peke yake, tangu 1952. Wengine hupanga katika Arsenale, iliyokuwa karakana ya meli za kivita za Venice, au katika majumba, makanisa na shule zilizotapakaa mjini, na gharama zote ni zao.

Masharti ya mgeni anayetaka kuingia kama nchi ni mafupi. Nchi iwe inatambuliwa na Jamhuri ya Italia, na ombi litoke kwenye mamlaka ya serikali, ambayo huteua kamishna wa banda. Hayo ndiyo yote. Ubora wa kazi hauulizwi, wala rekodi ya haki za binadamu, wala kama wasanii wa nchi hiyo wanamjua kamishna wao. Kwa hiyo swali la nani ameingia na nani yuko nje hujibiwa kwanza na wizara ya mambo ya nje ya Italia, hata kabla ya mtu wa sanaa kufungua faili.

Matokeo yake ni kwamba wapo waliofungiwa bila mtu kuandika barua ya kuwafungia. Wapalestina ni mfano wa kwanza. Mwaka 2003 mratibu mkuu wa Biennale, Francesco Bonami, alifikiria kuwa na banda la Palestina, akakwama palepale: Italia haikuitambua Palestina kama dola. Badala yake Sandi Hilal na Alessandro Petti walichapa hati za kusafiria za Wapalestina zikawa kubwa kuliko kimo cha mtu, wakazisimamisha wazi bustanini, katikati ya mabanda ya nchi. Kulikuwa na hati za aina mbalimbali, kwa sababu Mpalestina hubeba karatasi tofauti kutegemea alizaliwa au alikimbilia wapi. Wageni waliokuwa wakitoka banda la Ufaransa kwenda la Uingereza walilazimika kupita kati ya karatasi hizo. Katika historia nzima ya bustani ile sijui kazi iliyoijibu kanuni yake barabara kuliko ile.

Taiwan nayo ilionyesha kama nchi kuanzia 1995 hadi 2001. Kuanzia 2003 ikashushwa hadi kwenye kundi la matukio ya pembeni, yale yanayoandaliwa na taasisi na kulipiwa ada. Wanatumia jumba lile lile, lililokuwa gereza karibu na kasri la watawala wa zamani wa Venice, na wageni wanaendelea kufurika. Kilichobadilika ni neno moja kwenye orodha, na Beijing ndiko neno hilo linakoangaliwa.

Nakubali kwamba kuna nyakati Biennale yenyewe ilichukua msimamo. Mwaka 1974, baada ya Pinochet kuipindua serikali ya Salvador Allende, iliacha mfumo wa mabanda ya nchi na kuutoa msimu mzima kwa ajili ya Chile. Wachoraji wa Chile, Roberto Matta akiwa miongoni mwao, wakachora michoro mikubwa katika viwanja vya mji. Mwaka 1977 ikawapa nafasi wasanii waliopingana na serikali za kikomunisti za Ulaya Mashariki, na Moscow ikakasirika. Halafu vipo vituko vya vita. Mwaka 1942 majeshi ya Italia yaliyatumia mabanda ya maadui zao, Uingereza, Ufaransa na Marekani, kwa maonyesho ya kijeshi. Vita vilipokwisha, mwaka 1948, banda la Ujerumani halikuwa na Wajerumani ndani. Lilijazwa picha za wachoraji wa Kifaransa wa mkondo wa impreshonisti. Kwa hiyo wanaosema sanaa na siasa visichanganywe Venice wanazungumzia Venice nyingine.

Turudi kwenye mbishano wenu wa Urusi na Israeli. Mwaka 2024 kundi la wasanii na wafanyakazi wa sanaa liitwalo Art Not Genocide Alliance liliandika barua ya wazi kutaka banda la Israeli lisifunguliwe. Sahihi zilipita 20,000. Uongozi wa Biennale ulijibu kwa kanuni: nchi yoyote inayotambuliwa na Italia ina haki ya kuomba kushiriki, na maombi ya kuitoa hayapokelewi. Waziri wa utamaduni wa Italia wa wakati huo, Gennaro Sangiuliano, akasimama hadharani upande wa Israeli.

Linganisha hilo na Machi 2022. Kanuni ilikuwa ileile. Italia ilikuwa inaitambua Urusi siku ya uvamizi, na inaitambua mpaka leo. Kama kanuni ya kutambuliwa ndiyo inayotawala, basi ujumbe rasmi wa Urusi ulikuwa na haki ileile ya kuingia, na tamko la Machi halikuwa na msingi. Na kama matendo ya serikali yanaweza kuitoa, basi 2024 jibu la "kanuni hairuhusu" halikuwa jibu. Mwaka mmoja walitumia dhamiri, mwaka mwingine wakatumia katiba, kila mara ile iliyowafaa. Ukiniuliza kama huo ni undumilakuwili, nitakwambia ndiyo, wala sihitaji kupima damu ya Mariupol na damu ya Gaza kwenye mizani ili niseme hivyo.

Lakini ndani ya banda la Israeli kulitokea jambo ambalo kelele ziliwafanya wengi walipite. Msanii aliyechaguliwa, Ruth Patir, pamoja na waratibu wake Mira Lapidot na Tamar Margalit, walikataa kufungua. Wageni walipofika Aprili walikuta karatasi kwenye kioo ikisema kwamba maonyesho yatafunguliwa pale yatakapofikiwa makubaliano ya kusitisha mapigano na kuachiwa mateka. Nje walisimama askari wa Kiitaliano wenye silaha, wakilinda mlango ambao haukuwa unafunguliwa. Kwa kupitia kioo uliweza kuona video moja ikizunguka ndani. Mlango haukufunguliwa hadi Novemba, msimu ulipokwisha. Waliotaka banda liondolewe kabisa walisema hiyo ni janja ya kubaki bustanini huku ukijifanya umetoka. Huenda. Mimi naona alitumia kitu pekee ambacho msanii wa banda la taifa anakimiliki kweli, yaani kazi yake, akaizuia. Serikali ilibaki na ukuta na paa.

Upande wa Ukraine 2022 kuna kisa kimoja nataka ukijue wewe uliye mchoraji. Kazi ya Pavlo Makov ilikuwa na faneli 78 za shaba zilizopangwa katika umbo la piramidi: moja juu, mbili chini yake, tatu chini ya hizo, hadi safu ya 12. Maji yanamiminwa juu, kila faneli inagawa kwa mbili zilizo chini, na yakifika chini yamebaki matone. Alilibuni wazo hilo miaka ya tisini katika mji wake wa Kharkiv. Jioni ya siku ileile ya uvamizi, Maria Lanko, mmoja wa waratibu, alizipakia faneli hizo kwenye gari lake, akaondoka Kyiv akiendesha mwenyewe, akakata mipaka mpaka kufika Italia. Kazi ikafunguliwa kwa wakati. Ubaguzi wa mabanda huzungumzwa kwa lugha ya matamko, lakini mara nyingi kinachoamua nani ameonekana na nani hakuonekana ni gari, mafuta, na mtu aliyekubali kuendesha.

Sasa swali lako la haki. Hapa sina budi kuirudia Afrika Kusini, kwa sababu hakuna nchi iliyofundisha somo hili kwa muda mrefu zaidi, na sisi Watanzania tulikuwa karibu. Wana ANC waliishi kwetu, shule yao ikiwa Mazimbu, Morogoro. Desemba 1968 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio namba 2396, lilizitaka nchi zote zisitishe mabadilishano ya utamaduni, elimu na michezo na utawala wa makaburu pamoja na taasisi za Afrika Kusini zinazotekeleza ubaguzi wa rangi. Afrika Kusini ilikuwa ikionyesha Venice tangu 1950. Mwaka 1968 ulikuwa wa mwisho. Haikurudi hadi 1993, miaka 25 baadaye, Mandela akiwa ametoka gerezani lakini uchaguzi bado.

Watu hulikumbuka lile kama susio safi lililofanya kazi. Lilifanya kazi, lakini halikuwa safi, na walioligundua hilo kwanza walikuwa wasanii weusi wenyewe. Susio la jumla lilimfungia mchoraji wa Soweto pamoja na ukumbi wa serikali uliomkataa. Yule aliyekuwa hana jumba la kuonyesha nyumbani, kwa sababu ya rangi yake, sasa alikuwa hana pa kuonyesha nje, kwa sababu ya pasipoti yake. Julai 1982 wasanii walikutana Gaborone katika tamasha la utamaduni na upinzani, lililoandaliwa na kundi la Medu, wakabishana juu ya kazi ya msanii katika mapambano. Mmoja wa nguzo za Medu, mchoraji Thami Mnyele, aliuawa Gaborone tarehe 14 Juni 1985, askari wa makaburu walipovuka mpaka usiku. Mjadala haukufa. Mwaka 1987 Oliver Tambo, akiwa rais wa ANC, alisema wazi kwamba utamaduni wa utawala wa kibaguzi ususiwe, lakini utamaduni wa watu wanaoupinga usaidiwe utoke nje. Desemba mwaka huo, kwenye mkutano wa Amsterdam, msimamo huo ukajadiliwa kwa kina.

Kulikuwa na njia nyingine pia ambayo naipenda zaidi. Mwaka 1983 wasanii kutoka nchi mbalimbali, wakiongozwa na Ernest Pignon-Ernest na Antonio Saura, walifungua Paris maonyesho ya kazi za kupinga apartheid, yakazungushwa duniani. Ahadi ilikuwa kwamba mkusanyiko wote utakabidhiwa serikali ya kwanza ya Afrika Kusini itakayochaguliwa na watu wote. Walijenga jumba la sanaa la nchi ambayo bado haikuwepo, kazi zikiwa kwenye makasha.

Kutokana na mjadala ule, mimi nasimama hapa: bendera inaweza kunyimwa ukuta, mtu asinyimwe kwa sababu ya bendera. Umoja wa Mataifa wenyewe ulikuwa umejifunza. Azimio namba 757 la Baraza la Usalama, Mei 1992, dhidi ya Yugoslavia ya Serbia na Montenegro, lilisimamisha mabadilishano ya utamaduni yanayohusu watu au vikundi vinavyodhaminiwa rasmi na serikali au vinavyoiwakilisha. Aliyekuja kwa jina lake mwenyewe hakuguswa. Ukilisoma tamko la Biennale la Machi 2022 utaona limepita njia hiyohiyo.

Ila usilichukue hilo kama kinga. Msanii anayepokea fedha ya wizara, anayesafiri na waziri, anayepiga picha chini ya bendera siku ya ufunguzi, hawezi siku ya pili kusema yeye ni mtu binafsi tu. Akivaa sare, avae na lawama zake. Na tazama Afrika Kusini ilivyogeuka. Nchi iliyowahi kufungiwa na dunia, na ambayo Desemba 2023 ilikwenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuishitaki Israeli kwa mauaji ya kimbari, Januari 2026 ilifuta yenyewe banda lake la Venice. Gabrielle Goliath alikuwa amechaguliwa na jopo huru kwa kazi ya maombolezo inayogusa pia Gaza. Waziri Gayton McKenzie akasema mada hiyo inaleta mgawanyiko, akafuta. Goliath akaenda mahakamani. Hakuna aliyeitoa Afrika Kusini safari hii. Imejitoa, na msanii wake ndiye aliyefungiwa, na serikali yake mwenyewe.

Ndipo tunapokutana na mwenzako wa kijiweni. Ana hoja, lakini sidhani anamjua aliyefunga mlango.

Chukua Kenya. Mwaka 2013 banda lililobeba jina la Kenya lilijaa wasanii wa Kichina. Aliyekuwa anajulikana zaidi kutoka upande wa Kenya alikuwa Armando Tanzini, Muitaliano wa Malindi. Wakenya wenyewe walihesabika kwa vidole viwili. Wasanii wa Nairobi wakapiga kelele, zikazimika. Mwaka 2015 orodha ikatangazwa tena: Tanzini yule yule, Wachina zaidi, na Yvonne Apiyo Braendle-Amolo, Mkenya anayeishi Uswisi. Safari hii mtandao uliwaka. Kukawa na orodha za sahihi, na mchoraji Michael Soi akatoa mfululizo wa picha kuhusu aibu ile ya Venice, kwa rangi zake kali za kibonzo ambazo hazimwachi mtu. Waziri wa utamaduni wa wakati huo, Hassan Wario, akaikana orodha hadharani na jina la Kenya likaondolewa.

Rudi sasa kwenye ile kanuni: ombi litoke kwenye mamlaka ya serikali. Kwa hiyo mahali fulani, ofisi fulani, kulikuwa na karatasi yenye saini na mhuri iliyowapa watu wengine jina la nchi. Venice haikumfungia mchoraji wa Nairobi. Nafasi yake ilitolewa na watu wake, pengine bila hata kusoma walichotia saini.

Mwaka huohuo wa 2015 ndio Okwui Enwezor, Mnigeria, alikuwa mratibu mkuu wa Biennale nzima, Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo, na katika maonyesho yake makuu alimweka Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi. Mwaka 2019 akaingia Michael Armitage kwa njia hiyohiyo. Maonyesho makuu hayachagui nchi, humchagua mtu. Kwa hiyo Mkenya aliingia kwa jina lake wakati Kenya ilipokuwa imeshindwa kuingia kwa jina la Kenya. Banda la kweli lilipatikana 2017 chini ya Jimmy Ogonga, likiwa na kina Peterson Kamwathi, Paul Onditi na Arlene Wandera, katika jengo la iliyokuwa shule kwenye kisiwa cha Giudecca, fedha za serikali zikichelewa kama kawaida yake. Uganda iliingia kwa mara ya kwanza 2022 na Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, ikatoka na tuzo ya kutajwa kwa heshima. Acaye alitumia mikeka na usukaji wa ukindu, ufundi ambao wanawake wa kwetu wanaujua, na majaji wakasimama.

Tanzania tulifika 2024, miaka 129 baada ya Biennale kuanza. Walikuwemo Lute Mwakisopile, Haji Chilonga na Happy Robert, na mratibu akiwa Muitaliano, Enrico Bittoto. Uitaliano wake haunisumbui. Hata Angola ilipotwaa Simba wa Dhahabu wa banda bora mwaka 2013 kwa picha za Edson Chagas, mmoja wa waratibu wake wawili alikuwa Muitaliano. Kinachonisumbua ni kwamba nimewauliza wachoraji kadhaa wa Dar es Salaam kama waliwahi kuona tangazo la kuomba nafasi ile, na jibu walilonipa lilikuwa kicheko.

Halafu kuna mlango mwingine ambao hauna tamko wala barua ya wazi, nao ni dirisha la viza. Ada ya viza ya Schengen tangu Juni 2024 ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Anayeombwa kuthibitisha kwamba ana mshahara, akaunti yenye mzunguko na sababu ya kurudi nyumbani ni mchoraji anayeuza picha mbili kwa mwaka. Afisa wa dirishani haangalii kwingine. Kwa namna hiyo kazi husafiri ndani ya kasha lenye bima, mwenye kazi akabaki anaitazama kwenye simu. Hesabu wangapi wamefungiwa hivyo kwa mwaka, halafu ulinganishe na Warusi wawili.

Kama njia ya bendera ni mbovu kiasi hiki, usiishikilie peke yake. Biennale ya São Paulo, kule Brazil, iliacha uwakilishi wa nchi mwaka 2006. Dak'Art ya Dakar inawapokea Waafrika kwa majina yao. Documenta, maonyesho ya Kassel kule Ujerumani, nayo haina mabanda ya mataifa. Mwaka 2022 Wajukuu Art Project, kikundi cha Mukuru, Nairobi, walijenga pale njia ya kuingilia yenye giza na mabati chakavu, wakaondoka na tuzo ya Arnold Bode. Hawakuwa wamebeba bendera ya mtu.

Na kama bado mnalitaka banda la taifa, msingoje orodha itoke ndipo mlalamike. Biennale ya sanaa inayofuata baada ya hii ya 2026 ni ya 2028, na kamishna huteuliwa mapema zaidi ya mwaka. Iandikieni wizara yenye dhamana ya utamaduni mwanzoni mwa 2027. Ulizeni kamishna ni nani, aliteuliwa lini na kwa utaratibu gani, tangazo la wasanii litawekwa wapi, nani analipia usafirishaji na bima, msanii analipwa nini, na nani atawasimamia wasanii kwenye maombi ya viza. Ombeni majibu kwa maandishi. Nakala mpeleke BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na moja mbaki nayo pale kijiweni.